Namna ya Kumchora Msparta Ukutani Bila Kudanganya Watu

Mimi ni mchora mabango. Mwaka wa kumi na tisa huu nashika brashi hapa Dodoma: vibao vya saluni, milango ya maduka ya dawa, migongo ya bajaji, kuta za chekechea zenye tembo anayesoma kitabu. Ukipita Majengo ukaona kuku aliyechorwa anatabasamu huku ameshika paja la kuku mwenzake, kazi hiyo ni yangu na sijivunii. Historia sijasomea. Haya ninayoandika niliyapata kwa aibu, baada ya kuchora ukuta mzima wa jim moja njia ya kwenda Kizota, kisha nikaufuta wote kwa rangi nyeupe na kuanza upya, rangi ya pili ikitoka mfukoni mwangu.

Wateja wa Msparta, yule askari wa Sparta, mji wa Ugiriki ya kale, siku hizi hawaishi. Wenye jim, waendesha bodaboda, timu za ndondo, juzi hata kinyozi. Wote wanakuja na picha moja kwenye simu: mwanamume kifua wazi, tumbo limejipanga kama trei ya mayai, joho jekundu linapepea, mdomo wazi anapiga ukelele. Picha imetoka kwenye filamu, na filamu yenyewe ilitoka kwenye kitabu cha katuni. Mteja anasema, "Fundi, nataka hivihivi." Miaka yote nilikuwa nawapa hivyohivyo. Sasa nauliza maswali kwanza, na hapa nitawaeleza mafundi wenzangu ninayoyauliza na ninavyochora. Kama wewe si mchoraji, ni mwalimu wa somo au mtu wa kubishana kijiweni tu, soma ukiruka mambo ya rangi.

Ilikuwa siku ya tatu ya kazi. Niko juu ya ngazi namalizia meno ya Msparta, akapita mwalimu mmoja mstaafu anayekaa jirani na jim. Mguu wake mmoja ulipata polio utotoni, anatembelea mkongojo. Akasimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Hawa ni akina nani?"

"Wasparta, Mwalimu. Wale mashujaa mia tatu."

"Ahaa. Na nguo zao zimeibwa?"

Nikacheka peke yangu. Yeye alinyanyua mkongojo akaanza kugusa ukuta, hapa, na hapa, na hapa, kama anasahihisha daftari. Alipofika chini, kwenye maneno niliyoyaandika kwa herufi za futi moja, DHAIFU HUTUPWA, mkongojo ulisimama. Akauliza hayo ni maneno ya nani. Nikamwambia ni ya bosi wa jim, mimi naandika ninacholipwa. "Basi mimi ningetupwa," akasema, akaenda zake polepole kwa vile anavyokwenda.

Jioni nilimfuata kwake kuomba radhi. Akanipa kigoda chini ya mwarobaini, na nikakaa pale jioni nne mfululizo.

Kabla ya kufungua kopo

Ya ukuta nitayapitia haraka, mafundi mnayajua. Plasta mpya iache mwezi mzima. Jua la hapa linadanganya: juu pakavu wiki ya kwanza, ndani bado panatoa chumvi, na rangi itakubandukia kama ngozi ya nyoka. Piga msasa, futa vumbi kwa kitambaa kibichi, piga andakoti. Miezi ya upepo, Juni mpaka Agosti, chora alfajiri. Ikifika saa nne vumbi lote la Dodoma linataka kukaa kwenye rangi yako.

Rangi nyekundu ndiyo itakayokuabisha. Nyekundu zile kali za kwenye makopo ya bei rahisi, kwenye ukuta unaotazama magharibi, mwaka mmoja zinageuka waridi. Mimi nakoroga oksaidi nyekundu ya unga, ile wanayotia kwenye sakafu ya saruji, ndani ya rangi ya maji. Si ya kung'aa, lakini haikimbii jua. Ni ndugu wa wekundu wa michoro ya mapangoni kule Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wachoraji wale wamekufa zamani sana na wekundu wao upo. Nikienda Kolo huwa natazama pia jinsi walivyochora watu: wembamba, warefu, hakuna hata mmoja mwenye trei ya mayai.

Ukuta ukiwa tayari, muulize mteja: unataka Msparta wa mwaka gani? Atakushangaa. Lakini Msparta wa mwaka 480 KK, aliyepigana na Waajemi, hakuvaa kama Msparta wa mwaka 371 KK, na wala hakuwa na nchi ileile nyuma yake.

Wewe mwenyewe, fundi, jiulize lile swali la Mwalimu kwa kila jambo utakaloambiwa: nani kasema, na kasema lini? Wasparta hawakutuachia kitabu cha historia yao. Karibu yote yameandikwa na watu wa nje. Herodotus aliandika habari za Thermopylae, vita hivyo vya mwaka 480 KK na Waajemi, miaka kama hamsini baadaye. Thucydides, mtu wa Athens, aliandika vita vya mji wake na Sparta akiwa anaviishi. Xenophon alikaa na Wasparta, akapigana upande wao na akawapenda, kwa hiyo sifa anazowamwagia zipunguze kidogo. Aristotle aliandika walipokwisha kuanguka, na hakuwaonea huruma. Halafu yuko Plutarch, baba wa karibu hadithi zote tamu unazozijua. Huyo aliandika mnamo mwaka 100 BK, miaka zaidi ya 550 baada ya Thermopylae.

Mwalimu alinipa mfano ambao Mgogo yeyote ataushika. Karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa Ugogo ikielekea Tabora, na wapelelezi wa Kizungu waliokuwamo waliandika vitabu. Wakaandika nini? Hongo, yaani ushuru wa kupita. Kila ukurasa wanalalamika: tumetozwa nguo, tumetozwa shanga, maji tumeuziwa. Ukisoma hao tu utadhani babu zetu waliamka asubuhi kusubiri wageni wawadai hongo, wakalala. Hakuna mtama, hakuna ng'ombe, hakuna zeze. Sasa chukua Sparta, ambayo karibu yote tunayoyajua ni ya wapita njia.

Mvike nguo

Msparta wa Thermopylae alivaa shaba. Deraya kifuani, vikinga-muundi miguuni, kofia ya vita ya shaba inayofunika mashavu. Kifua wazi ni cha filamu. Mtu anayekwenda kusimama mbele ya mikuki na mishale hawezi kuacha tumbo nje ili watu waone alivyofanya mazoezi. Bosi wa jim aliponiambia, "Sasa misuli wataiona wapi?" nilimwonyesha kwamba mafundi wa Kigiriki walikuwa wakigongea umbo la kifua kwenye shaba ya deraya yenyewe. Mikono na mapaja yanabaki wazi. Alipunguza sauti.

Vazi liwe jekundu; Xenophon ameliandika, pamoja na ngao ya shaba. Nywele ziwe ndefu. Herodotus anasimulia kwamba mpelelezi wa Waajemi aliwachungulia kabla ya vita akawakuta wengine wanafanya mazoezi na wengine wanachana nywele. Mfalme wao Xerxes aliona kichekesho, mpaka alipoelezwa kwamba watu hawa wakijiandaa kufa hutengeneza nywele kwanza. Kwa hiyo usimnyoe upara kama mwanajeshi wa leo. Ndevu ziwepo, masharubu yasiwepo: kila mwaka viongozi watano waliochaguliwa, waliitwa maefori, walipoingia kazini walitangaza kwamba raia wanyoe masharubu na watii sheria. Amri mbili, kwa mpangilio huo.

Silaha yake kubwa ni mkuki mrefu kupita mtu. Upanga ni wa akiba, mfupi. Na mdomo umfunge. Jeshi lao halikukimbia likipiga kelele. Thucydides anaeleza kwamba kule Mantinea, mwaka 418 KK, adui walikuja kwa pupa na hasira, Wasparta wakaja taratibu wakifuata filimbi, ili mstari usikatike. Ukiwa na nafasi pembeni, chora mpiga filimbi, mwenye filimbi mbili mdomoni kwa pamoja. Mimi nilimweka. Kuna vijana wanadhani anavuta shisha.

Ngao na nzi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ngao ndiyo inayoonekana kutoka barabarani.

Ngao ilikuwa ya mviringo, ya mti iliyovikwa shaba, upana wake kati ya sentimita 90 na mita moja. Gonga msumari katikati, funga uzi wa sentimita 45, funga chaki mwisho wa uzi, zungusha. Usitumie beseni, litakupa ngao ya mtoto. Shaba mimi naipata kwa njano ya udongo na kahawia, kisha mstari mweupe mwembamba upande jua linapotoka. Usitie rangi ya dhahabu ya kunyunyiza. Inageuka kijivu masika yakija, tena ngao inafanana na kifuniko cha sufuria ya mama lishe.

Katikati ya ngao kila mteja anataka ile alama inayofanana na V iliyopinduliwa. Mimi mara ya kwanza niliichora bila kuipindua, nikidhani picha ya simu ilikuwa kichwa chini. Ni herufi ya Kigiriki ya L, kwa sababu nchi yao iliitwa Lakedaimon. Sparta ni jina la mji. Alama yenyewe ni ya kweli, ila ushahidi wake unaanza mwishoni mwa karne ya tano KK, wakati wa vita na Athens. Kwenye ngao za Thermopylae hatuna ushahidi wa kuiweka.

Niweke nini basi? Mwalimu akaniletea kisa cha Plutarch. Msparta mmoja alichora nzi kwenye ngao yake, nzi wa ukubwa uleule wa nzi. Wenzake wakamcheka: umejificha, hutaki adui akutambue. Akawajibu kwamba yeye huwa anamkaribia adui mpaka nzi anaonekana ukubwa wake. Najua, ni Plutarch tena, baba wa hadithi tamu, na nimetoka kukwambia umtazame kwa jicho moja. Lakini mchora mabango gani atakisikia kisa hicho akakiacha? Nilichora nzi kwa brashi namba moja, miguu sita, mabawa yenye mishipa. Ngao ya mita nzima, na katikati nzi.

Mia tatu na wengine

Mteja atataka namba 300 iandikwe kubwa. Iandike kama anataka, lakini mwambie inahesabu akina nani.

Leonidas, mfalme wa Sparta, alikwenda Thermopylae na Wasparta 300, kweli. Wagiriki wote waliokuwa pale kwa hesabu ya wanahistoria wengi walikuwa kama elfu saba. Siku ya tatu, baada ya Ephialtes wa Trachis kuwaonyesha Waajemi njia ya mlimani, wengi waliondoka. Waliobaki hawakuwa 300. Walikuwapo watu 700 wa mji wa Thespiae, waliokataa kuondoka, wakafa wote. Walikuwapo watu 400 wa Thebes. Na walikuwapo watumwa wa Wasparta, ambao Herodotus anawataja kwenye maiti. Thespiae ulikuwa mji mdogo; mia saba pengine walikuwa karibu askari wake wote wa nguo za shaba. Hujawahi kuona fulana ya Thespiae.

Upande wa pili nao usiandike "dhidi ya milioni". Herodotus anaitaja namba kamili kabisa ya watu wote wa Xerxes, wapishi na wabeba mizigo wakiwamo: 5,283,220. Jeshi la namna hiyo lingekunywa Bwawa la Mtera likabaki tope. Wanahistoria wa sasa huwashusha mpaka laki moja au laki chache.

Na vita vyenyewe walishindwa. Hilo linawauma wateja kuliko kifua. Waajemi walipita, wakaichoma Athens. Kilichowageuza ni merikebu kule Salamis mwaka huohuo wa 480 KK, nyingi zikiwa za Athens, kisha vita vya nchi kavu vya Plataea mwaka 479 KK. Miaka 55 baada ya Thermopylae, kwenye kisiwa cha Sphacteria, askari 292 wa upande wa Sparta walijisalimisha kwa watu wa Athens, kama 120 kati yao wakiwa Wasparta kamili. Ugiriki nzima ilipigwa na butwaa, maana tayari waliamini hadithi kwamba hawa hawajisalimishi. Wasparta waliishinda Athens mwaka 404 KK, lakini kwa manowari zilizolipwa kwa fedha ya Waajemi. Ndiyo, Waajemi walewale.

Saba

Sasa tufike kwenye kosa langu lenyewe, ambalo si la nguo wala la ngao.

Kule Plataea, Herodotus anaandika, Wasparta walikuwa 5,000, na kila mmoja alifuatana na maheloti saba. Fanya hesabu: 35,000. Maheloti walikuwa watu waliotekwa kwenye nchi yao wenyewe, wengi wao Wamessenia, wakalazimishwa kulima mashamba waliyonyang'anywa. Tyrtaeus, mshairi wa Sparta, anasema walilemewa kama punda, wakipeleka nusu ya mavuno kwa mabwana. Kwa hiyo mtu anaposema Wasparta wote walikuwa askari tangu kuzaliwa, hapo kuna watu wamefutwa. Msparta raia hakulima, hakufua chuma, hakufanya biashara. Kazi za mikono na biashara zilifanywa na watu huru wa miji ya pembeni, maperioiki. Chakula kilitoka kwa heloti. Ndiyo maana aliweza kuwa na muda wa mazoezi.

Na waliwaogopa. Maefori kila mwaka walitangaza vita rasmi dhidi ya maheloti, ili kumwua heloti isiwe dhambi. Thucydides anasimulia kwamba safari moja waliwaambia maheloti wajitokeze wale waliojiona wamepigana vizuri kuliko wote kwa ajili ya Sparta, waachwe huru. Wakachaguliwa elfu mbili, wakavikwa mataji, wakazungushwa kwenye mahekalu. Baada ya hapo hawakuonekana tena, na hakuna aliyejua kila mmoja aliuawa vipi. Anayejitokeza kudai uhuru kwanza ndiye atakayeasi kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yao.

Mwalimu aliponisimulia hilo tulikuwa tunakula, mlenda na ugali wa uwele. Nilisimama na tonge mkononi. Siku ile ndiyo niliyoamua kununua rangi nyeupe.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kupanga ukuta ni hii: ukichora Msparta mmoja, acha nafasi ya watu saba. Ukuta wangu ni wa mita sita. Gawa kwa penseli sehemu nane, usizilinganishe. Msparta nilimpa upande wa kulia, mita moja na nusu, amesimama, ngao mbele. Nyuma yake wanafuata saba, kimo kilekile, maana mafundi wengi humpunguza mtumwa akawa kama mtoto. Mmoja ana jembe, mmoja amebeba gunia la shayiri, mmoja kabeba ngao ya akiba, mmoja anakamua zabibu (huyo nilimchora haraka, zabibu kila mtoto wa Dodoma anazijua), wawili wanatembea tu, na wa saba anatutazama. Nguo zao za ngozi, na kofia za ngozi ya mbwa. Mwandishi wa kale aitwaye Myron wa Priene anasema walilazimishwa kuvaa hivyo. Nyuso zao zilinichukua siku mbili, za Msparta nusu siku, maana kofia ya shaba imemficha.

Bosi wa jim alipokuja kuona alishika kiuno. "Fundi, mimi nimelipia shujaa. Hawa wakulima nimewalipia nani?" Nikamwambia hao ni nyongeza, siwatozi.

Maneno ya chini

Turudi kwenye DHAIFU HUTUPWA. Hadithi kwamba watoto wachanga walikaguliwa na wazee na walioonekana dhaifu wakatupwa kwenye shimo la mlima Taygetus inatoka kwa mtu mmoja. Umeshamjua: Plutarch. Herodotus hana, Xenophon, aliyeandika kitabu kizima kuhusu desturi zao na kuanzia na uzazi, hana. Wachimbaji walipochunguza pango la Kaiadas, mahali ambapo watu walidhani ndipo penyewe, walikuta mifupa ya watu wazima na vijana, si ya wachanga. Kutelekeza watoto kulikuwapo sehemu nyingi za Ugiriki, hilo lisikataliwe, lakini ile baraza ya wazee na shimo lake ni hadithi ya mtu mmoja aliyechelewa.

Na Plutarch huyohuyo anasimulia maisha ya Agesilaus, mfalme wa Sparta kwa miaka kama arobaini, kutoka mnamo mwaka 400 KK. Alikuwa anachechemea mguu mmoja. Alilelewa kwenye mafunzo ya wavulana kama wengine kwa sababu hakutarajiwa kurithi, akajitania mwenyewe kuhusu mguu wake kabla wengine hawajamtania, akaongoza majeshi mpaka Asia. Bosi wa jim nilimpeleka mwenyewe kwa Mwalimu akasikie hilo. Alikaa kwenye kile kigoda, akatazama chini, akasema, "Mwalimu, samahani, sikukusudia." Mwalimu akamwuliza kama jim yake ina mashine ya mikono, maana mabega yanamuuma kwa mkongojo.

"Njooni mzichukue", jibu la Leonidas alipoambiwa aweke silaha chini, nalo ni la Plutarch. Herodotus aliyeandika karibu zaidi halitaji. Wengine wanapenda lile jibu la neno moja. Mfalme Filipo wa Makedonia aliwatishia kwamba akiingia nchi yao atawafukuza, wakamrudishia: "Kama." Tamu, na kwenye ukuta linakula nafasi kidogo. Tatizo ni kwamba Filipo alikuja kweli, mwaka 338 KK. Mji hakuuchukua, ila mashamba aliyaharibu na ardhi ya mipakani akawagawia majirani.

Mimi nilipendekeza tusiandike kitu. Tukakubaliana jina la jim na saa za kufungua.

Kuna saa za akina mama pale jim, asubuhi, nao waliuliza mbona hawapo ukutani. Hawakukosea. Wasichana wa Sparta walikimbia na kushindana hadharani, jambo lililowashtua Wagiriki wengine, na wanawake walimiliki ardhi: Aristotle analalamika kwamba karibu sehemu mbili za tano za nchi zilikuwa mikononi mwao. Cynisca, dada yake Agesilaus, farasi wake walishinda mbio za magari ya kukokotwa kule Olympia mwaka 396 na 392 KK. Nilimchora juu ya mlango, na farasi wanne. Ila mama mmoja alipofurahi akasema, "Kumbe walikuwa huru kabisa," nilijikuta namwambia kwamba kusuka nyuzi waliwaachia wanawake wa kiheloti. Akasema, "Fundi, na wewe hupumziki."

Mwenye jim nyingine aliniuliza wiki iliyopita, kama walikuwa wakali hivyo, wako wapi? Jibu liko kwenye mchango. Ili uwe raia kamili ulitakiwa kuchangia kila mwezi kwenye meza ya chakula cha pamoja: shayiri, divai, jibini, tini. Ukishindwa, umetoka. Ukishatoka, hakuna kurudi. Fikiria kikoba ambacho kila anayechelewa kulipa anafutwa, na hakipokei mtu mpya, na ardhi inazidi kulundikana kwa familia chache. Mwaka 480 KK Wasparta raia walikuwa kama 8,000. Mwaka 371 KK kwenye vita vya Leuctra walipeleka kama 700, na Watheba chini ya Epaminondas wakaua 400. Aristotle anasema raia walishuka chini ya elfu moja. Muda mfupi baadaye Wamessenia walipata uhuru na mji wao, na mashamba yakaondoka nao. Habari za Leuctra zilifika Sparta siku ya sikukuu, kwaya ya wanaume ikiimba kwenye uwanja. Maefori, anasema Xenophon, waliacha kwaya imalize ndipo wakawapa ndugu majina ya waliokufa.

Hayo sikuyachora. Ukuta uliisha.

Mwisho wa kazi piga vanishi isiyong'aa, mikono miwili, wa pili baada ya siku moja. Sehemu inayoguswa na watu piga wa tatu. Mimi sikupiga wa tatu kwenye ngao, na najuta, maana mtoto wa mama lishe wa jirani hapiti pale bila kumchapa yule nzi kandambili. Bawa moja limeshatoka. Jumamosi nitakwenda na brashi namba moja nimrudishie.